Maji ya Uani na Haki ya Jirani wa Chini



Akina mama na wasomaji wetu wa kila juma, wengi wenu mmezoea kutusoma hapa katika mambo ya twahara, malezi na mirathi. Juma hili tumeona tuandike juu ya kabro, kuta na mifereji, mambo ambayo kwa kawaida huachiwa mafundi. Sababu ni kwamba tumetoka safarini, na huko tumeona kwa macho yetu jinsi ua uliopambwa kwa nia njema unavyoweza kulibomoa jiko la mjane.

Tulikwenda Navakholo, katika kaunti ya Kakamega, kumzuru mpwa wetu aliyeolewa huko miaka sita iliyopita. Mumewe ni mwalimu, Mnyala wa hapo hapo, na babu yake alisilimu kwa watu wa Mumias. Msomaji wa pwani asistaajabu kusikia hivyo. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika kwa Nabongo wa Wawanga, mahali palipoitwa Kwa Sundu, na Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883 aliikuta njia yetu imeshakanyagwa. Kwa hiyo tulipoketi barazani kwa mwalimu, tukisikia adhana na huku tunatazama mashamba ya miwa yakiteremka mpaka upande wa mto Nzoia, hatukujiona wageni sana.

Jambo lililotugeni ni ardhi. Sisi wa Mombasa na Malindi tumelelewa juu ya mchanga na jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha, ardhi hunywa, na aghalabu baada ya saa moja mtu aweza kutandika mkeka. Navakholo si hivyo. Udongo wake ni mzito, nchi yenyewe ni ya miteremko, na mvua ni nyingi. Mombasa hupata milimita 1,000 na kitu kwa mwaka. Kakamega hukaribia 2,000. Huko mawingu hujikusanya adhuhuri, na kabla ya Alasiri kumalizika maji yanatiririka njiani yakiwa mekundu kama chai ya rangi.

Nyumba ya mpwa wetu iko juu ya mteremko. Chini yake, hatua chache tu, yuko bibi mmoja mjane ambaye watoto wa mpwa wetu humwita Kukhu, yaani nyanya. Bibi huyu si Mwislamu. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la udongo lililo mbali kidogo na nyumba, mbuzi wawili, na bustani ya kunde na mrenda ambayo ndiyo riziki yake; huchuma alfajiri na kwenda kuuza sokoni.

Mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, mwalimu alitandaza kabro ua mzima. Mpwa wetu ndiye aliyetaka, naye hakutuficha. Alichoka na matope yaliyoingia mpaka kwenye msala, na alitaka ua wa kupokelea wageni wa Idi. Ili kupata nafasi, walijaza udongo upande wa chini na kuuzuia kwa ukuta wa matofali ya saruji, wenye urefu wa mita 14 na kimo cha mita moja na nusu. Ukapigwa lipu, ukapakwa rangi nyeupe. Tuliletewa picha zake Mombasa, nasi tukasema mashaallah.

Usiku mmoja wa mwisho wa Aprili, mvua ikiwa haijakatika tangu Magharibi, ukuta ule uliangukia jiko la Kukhu. Yeye alikuwa ameshaingia nyumbani kulala. Mbuzi mmoja alikufa. Bustani ilifunikwa na udongo wa kujaza, vipande vya saruji na kabro. Tulipofika mwezi wa Mei, familia mbili zilizokuwa zikiazimana chumvi zilikuwa hazisalimiani, na watoto walikuwa wamekatazwa kuteremka kwa Kukhu.

Mpwa wetu alituambia, "Mjomba, mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Sisi tungeizuia vipi?"

Tukamjibu, "Mvua ni yake, mwanangu. Lakini huo mteremko wa kabro aliuweka nani?"

Alinyamaza, akaenda jikoni. Hatukumlaumu kwa kunyamaza. Kusema kweli, sisi wenyewe wakati huo hatukuwa na ujuzi wa kumweleza zaidi. Tukaomba aitwe fundi mwingine, asiye yule aliyejenga. Akaja mzee mmoja wa makamo, mwenye mikono iliyopasuka kwa kazi ya mawe. Hakusema neno kwanza. Aliomba jembe na pimamaji, akang'oa kabro kumi upande wa ukuta, akatuita tuchungulie.

Chini ya kabro kulikuwa na mchanga, na chini ya mchanga udongo mtupu wa kujaza, usioshindiliwa. Hapakuwa na moramu, wala hapakuwa na ukingo wa zege wa kuzishika kabro zisitawanyike. Maji yalikuwa yakiingia kwenye viungo, yanachukua mchanga, na kabro zinazama kidogo kidogo kuelekea ukutani. Ua wote ulikuwa umeinamia huko. Fundi wa kwanza alitaka maji yaikimbie nyumba, na hilo peke yake lilikuwa sahihi. Msingi wa nyumba haufai kusimama ndani ya maji. Kosa lake ni kwamba alidhani maji yakishaondoka mlangoni basi yamekwisha.

Hapo mzee yule alichukua kijiti akatufanyia hesabu mchangani, hesabu ambayo kila mama wa nyumba aweza kuifanya. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mwalimu ni kama mita 120 za mraba, na ua wa kabro kama 180, jumla 300. Mvua ya milimita 40, ambayo kule haistaajabishi mtu katika Aprili, ni lita 12,000, sawa na mapipa 60 ya lita 200. Zamani ua ulipokuwa wa nyasi, sehemu nzuri ya maji hayo ilizama, na nyingine ilitambaa polepole. Kabro zilipotandazwa, karibu yote yalikwenda mahali pamoja, kwa muda mfupi, nyuma ya ukuta usio na tundu hata moja.

Tukauliza, je, ukuta wa saruji hauwezi kuzuia maji kidogo? Akacheka. Alisema watu huogopa udongo na kuyadharau maji. Udongo mkavu uliotulia hujishikilia kwa kiasi chake wenyewe, lakini maji hayajishikilii hata kidogo, uzito wake wote huegemea ukuta. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa kimo cha mita moja na nusu, husukuma kwa nguvu inayozidi tani moja katika kila mita ya urefu. Kwa mita 14 ni zaidi ya tani 15, na hapo udongo uliolowa haujahesabiwa. Na kimo kikiongezwa mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana ukuta wa goti unaweza kujengwa na fundi mwenye akili, lakini ukuta unaopita kifua haufai kuanzishwa bila mhandisi wa kuuchora na idhini ya kaunti. Tunaomba akina mama walishike hili, kwa kuwa mara nyingi ninyi ndio mnaokaa na mafundi waume wakiwa kazini.

Jioni ile mwalimu alituuliza swali la kifiqhi, na lilikuwa swali zuri. Alikuwa amesoma kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametenganisha mambo mawili. Mtu akijenga ukuta ulioinama tangu mwanzo kuelekea njia au milki ya mwenziwe, ukaanguka, yeye ni mdhamini wa ulichoharibu. Lakini akiujenga wima juu ya ardhi yake, kisha ukainama wenyewe na kuanguka, kauli yenye nguvu ni kwamba hana dhamana. Na wako waliosema kwamba anayo, iwapo alipata nafasi ya kuubomoa au kuutengeneza naye asifanye. Mwalimu akasema ukuta wake ulikuwa wima.

Tulimwambia kwamba kauli hizo ni sahihi, ila hatuoni zinamkinga. Ukuta wake ulisimama wima kwa macho, lakini ulijengwa na kasoro yake ndani tangu siku ya kwanza. Tena hakumwangushia jirani ukuta peke yake. Alikusanya maji ya paa na ua, ambayo hayakuwa yakienda huko kwa wingi huo, akayaelekeza upande wake. Tukamkumbusha kisa cha Sayyidna Umar na mlizamu wa Sayyidna Abbas. Mlizamu ule ulimmwagikia Umar nguo njiani akielekea msikitini, akaamuru ung'olewe. Alipoelezwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, ndiye aliyeuweka pale kwa mkono wake, Umar aliinama na kumtaka Abbas apande mgongoni pake aurudishe. Watu husimulia kisa hiki kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, nao wana haki. Sisi jioni ile tulikitaja kwa jambo dogo zaidi: kwamba kiongozi wa waumini aliliona tone la maji linalomwangukia mpita njia kuwa ni jambo la kushughulikiwa siku hiyo hiyo.

Na kuhusu kwamba Kukhu si wa dini yetu, hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Abdullahi bin Amru alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi ameshapelekewa.

Likabaki la fedha, na hapa ndipo palipokuwa pazito. Mwalimu na ndugu zake walikuwa wameweka akiba kwa miaka mitatu ili kumpeleka mama yao Umra. Fedha nyingine hazikuwapo. Mpwa wetu alilia. Alisema kabro alizitaka yeye, na sasa ni mavyaa wake atakayekosa kuiona Makka. Sisi tulijua hukumu, ya kuwa haki za watu hulipwa kabla ya safari ya Umra, lakini kuitamka mbele ya mama mzee aliyekwisha shona nguo zake za safari lilikuwa jambo gumu, na tunakiri tulisita. Mama mwenyewe ndiye aliyetuondolea uzito. Alisema kwa Kinyala, mwanawe akatufasiria, kwamba Kukhu ndiye aliyemshika mkono usiku alipomzaa mwalimu. Kisha akainuka akaenda kuswali Isha, na hapakuwa na mjadala tena.

Asubuhi yake mwalimu aliteremka kwa Kukhu, nasi tukiwa nyuma yake. Alimwomba radhi, akataja jiko, mbuzi na bustani. Kukhu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shehe, jiko ni udongo, nitakandika lingine. Mbuzi nitampata. Mimi nataka udongo wangu mweusi." Hatukumfahamu kwanza. Akatueleza kwamba ile bustani aliitia samadi, majivu na majani makavu kwa miaka 20 na zaidi, ndoo kwa ndoo, tangu mumewe yu hai. Mvua ya usiku ule haikuufunika udongo ule tu. Ulipofunikwa sehemu ya juu, maji yalichimba korongo pembeni na kuuchukua uliobaki.

Ulikwenda wapi? Fundi alinyoosha kidole bondeni. Kijito kile hushuka kwenye Nzoia, na Nzoia huingia ziwa Viktoria upande wa Budalang'i, kaunti ya Busia. Wakazi wa huko nao ni Wanyala, ndugu wa hawa wa Navakholo kwa jina na kwa asili. Kila baada ya miaka michache tunasikia redioni kwamba mto umevunja kingo na watu wa Budalang'i wamehamia kwenye vituo vya shule. Mto hujaa kwa sababu nyingi, lakini tope linaloinua sakafu yake limetoka kwenye miteremko ya juu, katika mashamba ya miwa iliyopandwa kwa mistari inayofuata mteremko badala ya kuukata, na katika nyua kama huu.

Kazi ilianza siku ya pili, nasi tuliongeza siku zetu za kukaa ili tuione. Kwanza yaliwekwa magata kuzunguka paa lote na tangi la lita 10,000. Mpwa wetu alishangaa kuwa miaka yote sita alikuwa akinunua maji wakati wa kiangazi ilhali paa lake, kwa mvua ya Kakamega, laweza kukusanya zaidi ya lita 200,000 kwa mwaka. Kisha kabro zote zikang'olewa. Hazikutupwa, ni nzima, zenye unene wa milimita 60, zinatosha kwa watu na gari dogo. Ardhi ikashindiliwa, ikatiwa moramu ya sentimita 10 na kushindiliwa tena, juu yake mchanga wa sentimita nne, na ukingo wa zege pande zote. Mwinamo ulipimwa kwa mpira wa maji unaopitisha mwanga, uliojazwa maji na kushikwa na watu wawili, mmoja kila ncha: sentimita mbili kwa kila mita, tena si kuelekea ukutani, bali pembeni, kwenye mfereji. Na upana wa mita moja na nusu kando ya ukuta haukurudishiwa kabro kabisa, ulipandwa nyasi.

Mfereji ulileta neno jipya, kwa sababu njia yake ya kwenda bondeni ilipita kwenye ukingo wa shamba la miwa la mtu wa tatu. Mwalimu alitaka uchimbwe kwanza, ruhusa iombwe baadaye. Tulikataa. Katika Muwatta ya Imamu Malik kimo kisa cha Dhahhak bin Khalifa aliyetaka kupitisha mfereji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, akakataliwa, mpaka Umar alipoingilia kati kwa maneno makali. Lakini hata Dhahhak aliomba kwanza. Mwenye miwa alikubali kwa sharti kwamba mfereji ujengwe vidaraja vya mawe, maji yashuke kwa ngazi yasichimbe shamba lake. Sharti hilo lilikuwa la akili kuliko mipango yetu sote.

Ukuta wenyewe haukurudishwa kama ulivyokuwa. Mzee aliugawa kuwa kuta mbili fupi, kila mmoja kimo cha sentimita 75, na baina yake kipande cha mita moja cha kupanda mimea. Ukuta wa nusu ya kimo husukumwa kwa robo ya nguvu, ilimradi wa juu usisogezwe karibu mno ukamwegemea wa chini. Alitumia mawe ya kule kule, maana nchi ya Kakamega haina shida ya mawe; aliyepita barabara ya Kisumu ameliona Jiwe la Kulia pale Ilesi. Msingi ulichimbwa mpaka ardhi ngumu, kitako kikawa kipana zaidi ya nusu ya kimo, na uso wa ukuta ukalalia nyuma kidogo, kuelekea mlima. Nyuma yake zilijazwa kokoto upana wa sentimita 30, zikatengwa na udongo kwa kitambaa cha kuchujia ili tope lisizibe. Na kila baada ya mita moja na nusu, chini kabisa, ulipitishwa mpira mgumu wa inchi mbili kuelekea nje. Matundu hayo ndiyo yaliyokosekana Januari. Bei yake haikufika hata ile ya rangi nyeupe.

Katika shamba la juu la mwalimu, zilichimbwa fanya juu mbili kwa kufuata kontua: handaki huchimbwa, na udongo wake hutupwa upande wa juu ufanye tuta, na juu ya tuta hupandwa mabingobingo ya ng'ombe. Wakamba wa Machakos ndio waliosifika kwa kazi hii, na jina lake limeingia katika vitabu vya kigeni kwa Kiswahili chetu, bila kufasiriwa.

Mtasema haya ni ya bara. Tutazameni basi nyua zetu za Kisauni, Likoni na Mtwapa, tunavyozipiga zege ukuta hadi ukuta tusiuache hata mguu mmoja wa mchanga. Mchanga wetu hunywa, lakini hauwezi kunywa tulichoufunika. Mvua kubwa ikija, maji ya ua hukimbilia uchochoroni, huingia kwenye makaro, na kutoka makaroni hufika visimani ambamo majirani wanateka. Hata Ngome ya Yesu, iliyosimama juu ya jabali kwa zaidi ya miaka 400, mawimbi yalikuwa yameanza kuila kwa chini mpaka serikali ikajenga ukuta wa kuikinga baharini. Bi wa nyumba aweza kuacha ukanda wa kokoto kando ya ukuta wake, na shimo la mawe la kufyonza maji ya mlizamu mahali palipo mbali na karo na kisima. Hayo hayahitaji mhandisi.

Siku mbili kabla ya kuondoka kwetu, ukuta wa chini ulikuwa umekamilika na wa juu umefika nusu. Mikokoteni sita ya samadi ilikuwa imeshushwa kwa Kukhu, na vijana wa mwalimu walikuwa wamechekecha vipande vya saruji kutoka bustanini. Haukuwa udongo wake mweusi. Alitwambia wazi kwamba huo yeye hatauona tena katika umri wake. Watoto walikuwa wameruhusiwa kuteremka.

Alasiri ile ilinyesha kwa nguvu. Tulisimama na mwalimu chini ya mwavuli mmoja tukitazama matundu. Kwa muda hayakutoa kitu, na mwalimu akaanza kusoma dua chini chini. Kisha la tatu likadondosha tope, likafuata la kwanza, na baada ya robo saa yote yalikuwa yakitoa maji, mekundu mwanzo, halafu yakaanza kutakata. Kukhu alitoka na gunia kichwani. Hakututazama. Aliweka beseni chini ya tundu lililo karibu na miche yake mipya ya kunde, likajaa, akalimwaga kwenye pipa, akalirudisha.